Sinema Kanisani
Mwaka 2014 vioo vinne vya sinema vilisimikwa katika kanisa kuu la Waanglikana la St Paul's, London. Bill Viola wa Marekani aliiita kazi hiyo «Mashahidi». Kwa dakika 7, pasipo sauti, waonekana watu wanne: mmoja amefukiwa udongoni, mwanamke apigwa na upepo, wa tatu ameketi motoni, wa nne aning'inia kichwa chini, maji yakimmwagikia. Hawalii.

Je, sinema yafaa kanisani? Vioo havituchukizi, madirisha ya rangi nayo yalikuwa mageni zamani. Kinachotusumbua ni kwamba wanne hao hawana majina. Karoli Lwanga alichomwa Namugongo mwaka 1886. Twamjua, na Yule aliyemfia twamjua. Mtoto akituuliza mbele ya vioo hivyo, «Huyu ni nani?», tutamjibu nini?