Kiwango cha Sumu Kimewekwa kwa Ajili ya Nani?

Katika vichochoro vya Manzese, mara nyingi karakana na nyumba ni kitu kimoja. Fundi hufungua betri kuukuu ya gari uani. Hatua chache kutoka hapo mama anapika, na mtoto anatambaa mchangani. Wataalamu wanapotuambia kwamba kiasi fulani cha sumu hakidhuru, hatuna budi kuuliza: hakimdhuru nani?

Yafaa ieleweke jinsi kiasi hicho kinavyopatikana. Wanyama wa maabara, aghalabu panya, hupewa sumu kwa viwango mbalimbali mpaka kijulikane kile cha juu kisicholeta madhara yanayoonekana. Kiwango hicho hugawanywa kwa 10, kwa kuwa binadamu si panya; kisha kwa 10 tena, kwa kuwa binadamu hawalingani. Desturi hii ilipendekezwa Marekani mwaka 1954 kwa ajili ya vyakula. Namba 100 haikuteremka kutoka mbinguni. Ni tahadhari tu, nayo si haba.

Viwango vya kazini ni habari nyingine. Vingi vimekadiriwa kwa mtu mzima mwenye afya, afanyaye kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, kisha arudiye kwake kupumua hewa safi. Mtoto wa uani hana saa ya kutoka kazini.

Tutazame madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri hizo. Mwaka 1971 wakuu wa afya wa Marekani walianza kushtuka damu ya mtoto ilipofikia mikrogramu 40 kwa desilita. Mwaka 1991 zikawa 10. 2012 zikawa 5. 2021 zikawa 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, waliamuliwa fidia na mahakama mwaka 2020, wakati kiwanda kilikwisha kufungwa na damu za watoto zilikwisha kuchafuka.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikumsahau mtoto huyu, kwani inawalinda pia wasio wafanyakazi. Kinachotakiwa ni kumpima damu. Risasi hudhuru ubongo bila kishindo, na mwalimu huona tu mwanafunzi mzito wa kuelewa, pengine akamwadhibu. Upimaji na uanzie katika madarasa ya awali, kwa watoto wa nyumba zenye karakana.