Miezi Saba Nyumbani: Tuwafundishe Vijana Wetu Serikali, Uchumi na Fedha



Wapendwa waumini, kila mwaka mwezi Novemba vijana wetu wa kidato cha nne hufanya mtihani wa Taifa, kisha hurudi nyumbani. Wale wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huanza masomo mwezi Julai wa mwaka unaofuata. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 16 au 17 hukaa na wazazi wake miezi saba hivi, bila kengele, bila ratiba na bila mwalimu. Tumezoea kukiita kipindi hicho kusubiri matokeo. Mimi nakiona kuwa ni muda mrefu ambao mzazi amekabidhiwa awe mwalimu kamili, na sioni masomo yanayoufaa zaidi kuliko haya matatu: serikali, uchumi na matumizi ya fedha.

Wapo wazazi ulimwenguni wanaoifanya kazi hiyo mwaka mzima. Nchini Marekani, tangu mwaka 1993 majimbo yote 50 yanamruhusu mzazi kumsomesha mtoto wake nyumbani. Katika shule za umma za jimbo la California, mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kusoma muhula mmoja wa mambo ya serikali na muhula mmoja wa uchumi, na sheria ya mwaka 2024 imeongeza somo la fedha binafsi. Mzazi wa huko anayefundisha nyumbani hana mwalimu wa kumsukumia masomo hayo. Akinyamaza yeye, hakuna atakayesema. Sisi watoto wetu wanakwenda shule, lakini kwa habari ya fedha za nyumbani hali yetu ni ileile. Mwalimu wa Uraia hawezi kujua ada ililipwaje wala deni la pembejeo limefikia wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Ukuu huo haukomei kwenye sala za jioni.

Haraka ya jambo hili inatokana na umri wenyewe. Siku kijana anapotimiza miaka 18 anapata haki ya kupiga kura, anakuwa mjumbe halali wa mkutano mkuu wa kijiji, na anaweza kukopa kwa jina lake mwenyewe. Haki hizo zote zinakuja kwa mkupuo, wala hakuna anayemuuliza kama amejiandaa.

Tuanze na serikali. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa katika wilaya, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na hutakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Mzazi anayekwenda mkutanoni amchukue kijana wake akasikilize. Ajue kwamba mwenyekiti amechaguliwa na wananchi, ila mtendaji ameajiriwa. Kwamba diwani huketi kwenye halmashauri, na mbunge hupitisha bajeti ya nchi inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai. Taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, mkirudi nyumbani muulize amesikia nini na ni swali gani halikujibiwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Ni vijana wangapi katika nyumba zetu wanaoweza kueleza kazi ya mwenyekiti waliyemwona akichaguliwa siku ile?

Somo la uchumi limo ghalani mwetu. Tuseme gunia la mahindi liliuzwa shilingi 50,000 wakati wa mavuno, na mwezi Februari tukalinunua shilingi 90,000. Kijana apewe kalamu, atafute hizo shilingi 40,000 zilikwenda wapi. Atahesabu bei ya gunia tupu, dawa ya dumuzi, nauli na faida ya mchuuzi. Mwishowe atauliza kwa nini hatukungoja bei ipande, na jibu pengine litakuwa kwamba tulikuwa na deni. Hapo atakuwa ameelewa jinsi bei ya soko na mfuko wa baba zinavyoshikana.

Mpe na risiti ya duka. Kwa kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani, yaani asilimia 18, ndoo ya rangi iliyonunuliwa kwa shilingi 11,800 ina shilingi 1,800 za kodi ndani yake. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016 hadi kidato cha nne na kufikishwa kidato cha sita mwaka 2022, inalipiwa kwa fedha za namna hiyo. Kijana anayelijua hili hataiona zahanati kama hisani ya mwanasiasa, wala hataona aibu kuuliza dawa zimekwenda wapi.

Nafika kwenye fedha, ambako ndiko ninakoona machozi mengi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mitaani mikopo ya aina hii tunaiita kausha damu, na hesabu inaonyesha sababu. Anayekopa shilingi 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, akawa analipa riba tu kila mwezi, baada ya mwaka atakuwa ametoa shilingi 360,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Hesabu hii ni ya dakika tano mezani. Kijana aliyeifanya kwa mkono wake ataikumbuka siku simu itakapomletea ujumbe wa mkopo wa haraka, na atawatazama kwa jicho lilelile wale wanaomshawishi kucheza kamari ya mpira.

Najua wazazi wengi watasema kwamba mambo ya fedha ni siri ya nyumba. Mtoto atayatangaza nje, au atamdharau baba akijua kipato chake ni kidogo. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini kijana anaona tayari. Anajua siku ambayo mboga imepungua na anajua ni nani aliyekuja kudai. Asichokijua ni sababu, na pasipo sababu hujitungia yake: kwamba baba ni mchoyo, au kwamba umaskini ni laana. Wala hakuna anayedai mzazi afungue kila kitu. Anza na umeme na maji. Mwezi unaofuata mpe shilingi 30,000 za soko la juma, arudi na chenji na hesabu iliyoandikwa. Baadaye mketi pamoja mpange bajeti ya mwezi mmoja, pamoja na zaka na akiba. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo nao wanaweza kumpa kijana daftari la michango alitunze akisaidiana na mweka hazina.

Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka (14:28) anatuonya kwamba kuhesabu gharama kunatangulia kujenga. Vijana wetu wako karibu kuanza kujenga familia, biashara na nchi. Ombi langu kwenu, wazazi, ni kwamba ifikapo Julai kila kijana atakayetoka nyumbani awe amehudhuria mkutano mmoja wa kijiji au mtaa, amefuatilia bei ya zao moja, na ameandika bajeti moja kwa mkono wake.

Nawatakia Dominika njema.