Kicheko cha Askari, Kimya cha Mpagazi

Mwanzoni mwa 1917 mvua na mafuriko ya Rufiji viliwatesa wanajeshi wa Uingereza na wa Ujerumani kwa njaa na malaria. Katika vita hivyo hivyo vya Afrika Mashariki, A. W. Lloyd, askari wa upande wa Waingereza, alichora vibonzo na kuvitoa kitabuni. Jina la kitabu hicho linaanza na salamu yetu: “Jambo”.

Simlaumu askari kwa kucheka. Kicheko humpa nguvu aliyezungukwa na kifo. Ninachokipinga ni kukifanya kicheko hicho kuwa kumbukumbu nzima ya vita. Askari alishika penseli. Mpagazi alijitwika mzigo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo. Majina ya wengi wao yamepotea.

Basi vibonzo hivyo viletwe madarasani Kibiti, visifichwe. Lakini mwalimu asiishie kuuliza kinachochekesha. Aulize pia: nani alibeba chakula cha mchoraji, na kwa nini yeye hakuachiwa hata karatasi? Kisha wanafunzi wakawaulize wazee wao.