Suti ya mjukuu wa askari

Mzazi mmoja ameuliza: kijana wake anaoa Desemba, na anataka fundi amshonee suti ya mtindo wa kijeshi kumuenzi babu yake aliyepigana Vita vya Kagera. Bibi hataki hata kusikia. Asikilizwe nani?

Tuanze na sheria, maana hapo hakuna mjadala. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Kwa hiyo mabaka, kijani cha jeshi, vyeo na nembo visiguse suti ya harusi. Kama sare ya babu bado imo sandukuni, waulizeni kambi ya jeshi au kituo cha polisi cha karibu. Msimpe fundi aikate.

Sasa bibi. Kwa mjukuu, sare ni fahari. Kwa bibi inaweza kuwa nguo aliyoivaa mumewe akiondoka mwaka 1978, mke akabaki na watoto asijue kama atarudi. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979, lakini kuna nyumba ambazo vita havikuishia siku hiyo. Kaeni naye kabla ya kununua kitambaa. Muulizeni babu alipenda kuvaa nini siku za mapumziko. Huenda jibu la suti likatoka hapo.

Kwa fundi, chagueni bluu nzito au kijivu cha mkaa. Suti ya mtu mzima huchukua kama mita 3 hadi 3 na nusu. Kaunda suti nayo inafaa, ila isiwe ya kaki yenye mikanda ya mabegani na vifungo vya shaba. Kwa mbali itafanana na sare. Kilicho cha askari kiwe katika unadhifu: mabega yakae sawasawa, suruali ipigwe pasi hadi mkunjo usimame, viatu ving'ae.

Jina la babu lidariziwe ndani ya koti, upande wa moyo. Hakuna atakayeliona, lakini kijana atajua lipo. Kama kuna koti la kiraia la babu, fundi mzuri anaweza kulipunguza.

Medali je? Uingereza na Australia, ndugu wa marehemu huivaa upande wa kulia, kwa kuwa kushoto ni kwa aliyetunukiwa mwenyewe. Kwetu, naona ni salama zaidi iwekwe mezani ukumbini, kando ya picha yake, na mzee mmoja aeleze aliipataje.

Na wadogo wasiachwe nyuma. Julai 25, Siku ya Mashujaa, wasimulieni babu alikuwa nani. Suti itavaliwa siku moja, lakini habari zake wataondoka nazo.