Adabu za Meza ya Poka



Wanafunzi wetu wapenzi, na nyinyi wazazi na walezi ambao gazeti hili huwafikia likiwa limeshakunjwa mara nne ndani ya mkoba wa juzuu, mwaka huu tumeomba ukurasa tuzungumze juu ya mchezo. Si mpira wala nage. Ni mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa ndani ya simu kwa njia ya intaneti, na ambao sheria zake tulifundishwa, tukiri mapema, kwenye baraza ya madrasa yetu wenyewe, katika mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe.

Ilikuwa hivi. Vijana wanne wa darasa la juu walikuwa wameizunguka simu moja. Tulipowakaribia hawakuificha, bali walitusogezea nafasi tukae. Tukakaa. Wakatueleza kwamba kila mchezaji hupewa karata mbili azionazo yeye peke yake. Kisha katikati ya meza hufunuliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Katika jumla ya karata saba, kila mtu hutafuta tano zilizo bora. Baada ya kupata zile mbili, na tena baada ya kila kufunua, watu huweka dau. Anayeogopa hutupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka, na anayebaki hulipa au huongeza. Wawili waliokaa baada ya mgawaji hulazimika kuweka dau kabla hata ya kuona karata zao. Na mtu aweza kushinda akiwa hana kitu mkononi, kwa kuongeza dau mpaka wenzake watishike na kujitoa. Aliyezoea wahedi wa sitini ataelewa kwa robo saa.

Mmoja wao, ambaye kwa tajwidi hana mpinzani katika darasa lake, akatuambia, "Ustadhi, mchezo huu una adabu kuliko keram ya pale mtaani." Akatutajia adabu hizo moja moja. Usubiri zamu yako. Usiwacheleweshe wenzako, maana kila mtu ana sekunde zake za kuamua. Ukishatupa karata usiseme ulitupa zipi wakati wengine wanaendelea. Usimtukane mtu kwa ujumbe. Usicheze kwa majina mawili, wala usinong'onezane na rafiki aliye meza hiyo hiyo. Ikiwa unajua umeshinda, onyesha karata zako upesi, usimwache mwenzako akitumaini bure.

Tulicheka, tukawasifu kwa kukariri, tukaenda zetu kulala tupate kuamka kula daku. Hatukusema neno jingine.

Siku kumi na mbili baadaye tuliitisha michango ya mikeka ya chumba cha wasichana. Daftari lilisema shilingi 42,000. Bahasha ilikuwa na shilingi 11,000. Mshika bahasha alikuwa kijana yule yule wa tajwidi, na sisi ndio tuliomkabidhi.

Alipoulizwa hakukana. Alisema alinunua sarafu za mchezo kwa pesa za simu, kidogo kidogo, siku kadhaa. Tukamuuliza alitarajia kushinda kiasi gani. Akatutazama kama watu wasioelewa kitu. Mchezo ule haulipi, alisema. Sarafu zake ni za mchezo tu, hazigeuki fedha hata ukiwa nazo milioni. Alizinunua kwa sababu zake zilikwisha, na asiye na sarafu hawezi kukaa meza moja na wenzake. Mikeka angeilipa likizo.

Jibu hilo lilitushughulisha kuliko wizi wenyewe, kwani tulikuwa tumejiandaa kumsomesha juu ya tamaa ya mali, na tamaa ya mali haikuwapo. Wengi wetu walimu tumezoea kusema kwamba kamari ni pesa, na pasipo pesa ni mchezo tu. Hapa palikuwa na pesa zilizoingia na hakuna hata senti ya kutoka. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani, katika kesi ya Kater dhidi ya Churchill Downs, iliamua juu ya sarafu za namna hii katika mchezo uitwao Big Fish Casino. Ilisema kwamba kwa sheria za jimbo la Washington sarafu hizo ni kitu chenye thamani, kwa kuwa ndizo zinazompa mtu nafasi ya kuendelea kucheza, na kwa hiyo mchezo ule ni kamari. Hatuchukui dini yetu kutoka mahakama za Marekani. Tunataja tu kwamba majaji wasiosoma fiqhi yetu waliona kile ambacho sisi tuliokaa barazani hatukukiona.

Sasa turudi kwenye zile adabu, maana kijana wetu hakusema uongo. Adabu zipo. Lakini tuulize zinamlinda nani. Wachezaji wa poka humwita mchezaji dhaifu samaki, na wana usemi wao kwamba usigonge kioo cha tangi la samaki. Maana yake, usimcheke asiyejua, usimwonyeshe kosa lake, usimkere, asije akatambua anavyopoteza akaondoka mezani na pesa zake. Nyinyi wa pwani mnafahamu vizuri. Nani hurushia mawe maji alimotega dema? Basi ukimya ule na ule upole wa meza, kwa sehemu kubwa, ni ukimya wa mvuvi. Zaidi ya hayo, kuna sheria kwamba kila mkono huchezwa na mtu mmoja, wala si ruhusa kumshauri mwenzako wakati karata zinaendelea. Kwa haki ya mchezo ni sheria nzuri. Ila Muislamu ameamrishwa nasaha kwa ndugu yake, na hapa amekaa mahali ambapo kumwambia ndugu yake "inuka, unaangamia" ni utovu wa adabu.

Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zimeiweka kamari pamoja na ulevi, na zimetaja sababu: shetani hutaka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasiswali. Kijana wetu alijibu la kwanza kwa ufasaha: hapana uadui, watu wanatakiana kheri kwa ujumbe. La pili hakulijibu. Katika mashindano ya poka ya intaneti, ukiinuka kwenda kuswali meza haikungoji. Karata zako hutupwa zenyewe sekunde zako zikiisha, na dau lako la lazima huendelea kukatwa ukiwa kwenye sijda. Ndiyo maana mtu huanza kwa kuswali upesi upesi, kisha huswali mwisho wa wakati.

Wapo wakubwa waliotuambia kwamba poka si bahati, ni akili na hesabu. Ni kweli mchezaji mzuri huhesabu sana, na akikaa mezani miaka atamzidi mjinga. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walikwisha kupambanua michezo inayosimama juu ya fikra na hesabu, kama sataranji, na ile inayosimama juu ya bahati, kama nardi ya kete, ambayo makatazo yake yamo katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim. Sataranji isiyo na dau wala isiyochelewesha swala wameiona ni makuruhu, si haramu. Karata za baraza zisizo na dau wengine wanazipima kwa mizani hiyo, na leo hatutagombana na mzee yeyote wa mtaa juu ya wahedi wa sitini. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kwamba sataranji yenyewe, pamoja na akili zake zote, ikiwekwa dau baina ya wachezaji imekuwa kamari. Kwa hiyo mwenye kutuletea hoja ya akili amebisha mlango usio wa nyumba hii. Poka bila dau haichezeki. Ukiondoa dau hakuna kutisha wala kutishika, zinabaki karata mbili na tano.

Tena husimuliwa habari za mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyeingia mchezo mdogo wa intaneti kwa dola 86, akapata nafasi katika mashindano makuu ya dunia ya mwaka 2003, akatoka na dola milioni 2.5. Ni habari ya kweli. Mashindano yale yalikuwa na watu 839. Hao 838 hawasimuliwi barazani. Wala hausimuliwi mwaka 2008, ilipobainika kwamba watu wa ndani ya mtandao wa UltimateBet walikuwa wakiziona karata za wachezaji wengine zilizofichwa. Wala mwaka 2011, serikali ya Marekani ilipoeleza kwamba Full Tilt Poker ilikuwa na deni la karibu dola milioni 390 za wachezaji wake, na benki imebakiwa na milioni 60 hivi. Wengi wao walirudishiwa fedha miaka ya baadaye, baada ya kampuni nyingine kufanya mapatano na serikali. Hata hivyo hatutaki kuisimamisha hoja yetu juu ya wezi hawa. Mwenye meza akiwa mwaminifu kama mizani ya dhahabu, bado hukata chake katika kila dau linalokusanywa, na hukumu haibadiliki.

Tuongeze jambo dogo la lugha. Hapa kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2003 inaiita kamari michezo ya kubahatisha, na haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Neno kubahatisha ni laini, mtoto hubahatisha jibu la hesabu na mwalimu hamchapi. Nyumbani tuendelee kusema kamari.

Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba aliyemwambia mwenzake waende wakacheze kamari, basi na atoe sadaka. Zingatieni, ni kwa kualika tu, kabla karata haijagawiwa. Michezo ya simu nayo ina hukumu juu ya kualika: ukimwita rafiki yako, unazawadiwa sarafu. Kijana wetu aliitwa hivyo, naye akawaita watatu.

Tulipokaa walimu kulizungumza, mmoja alitaka kijana aondolewe madrasa, ili wengine waogope. Tulitofautiana naye, na tunasema hapa waziwazi kwa sababu wazazi wamesikia nusu ya habari. Kijana yule aliona watu wazima wawili wenye kofia na kanzu wakikaa, wakisikiliza, wakicheka na kuondoka. Kama kunyamaza kwetu hakukuwa ruhusa, kulifanana nayo sana. Tuliokaa barazani usiku ule tumetoa sadaka, ingawa hatukualika mtu. Yeye alibeba mchanga kwa fundi siku tisa za likizo, akalipa shilingi 31,000 zote. Mikeka ilinunuliwa Mfunguo Mosi. Bado anashika daftari la michango, ila bahasha sasa hufunguliwa mbele ya watu wawili, na sheria hiyo inatuhusu na sisi walimu.

Wazazi, jumbe za malipo zimo ndani ya simu zenu, na mtoto anayejua namba yenu ya siri hajifunzi kwa mganga. Zisomeni. Mkikuta malipo msiyoyajua, muulizeni kwanza mtoto alikuwa anacheza na nani, ndipo mumuulize juu ya pesa. Sisi tulianza na pesa, tukapoteza saa nzima.

Kuhusu baraza yetu, kuanzia Ramadhani ijayo mwalimu mmoja na mzazi mmoja watakaa na vijana kila usiku baada ya tarawehe mpaka saa tano. Bao lipo, na kahawa tutaleta. Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni mwa ofisi, na nafasi za kumi la mwisho bado hazijajazwa.

Wabillahi tawfiq.