Daftari la Wiki: Tabaka Zinazochagua Nuru

Ile grisi nyeusi ambayo fundi huijaza kwenye jointi za magurudumu ya mbele mara nyingi huwa na unga wa molibdenamu disalfaidi. Unga huo huteleza kwa sababu ni tabaka juu ya tabaka, zilizolaliana bila kushikana sana, kila moja ikiwa na unene wa nanomita 0.65 hivi. Kipande kinene cha madini hayo hufyonza nuru inayoonekana na sehemu ya infraredi iliyo jirani na nyekundu. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walipima kipande kilichobanduliwa hadi ikabaki tabaka moja. Pengo la nishati ambalo elektroni hulazimika kuliruka lilikuwa limepanda kutoka elektronivolti 1.3 hivi hadi zaidi ya 1.8. Infraredi haina nguvu hizo, kwa hiyo inapita tu.

Kemikali ni ileile. Kilichopungua ni tabaka.

*

Grafini, iliyowapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010, haina pengo lolote. Tabaka moja, unene wa atomu moja, hufyonza asilimia 2.3 ya nuru, iwe ya kuonekana au ya infraredi. Kwa kitu chembamba kiasi hicho, huo ni ulafi! Lakini kukosa pengo kuna gharama: mkondo wa umeme haukatiki hata gizani, na kitambuzi cha nuru kilichotengenezwa nayo kinashindwa kutofautisha nuru na kelele zake chenyewe.

*

Mwenye vituko zaidi ni fosforasi nyeusi. Percy Bridgman aliitengeneza mwaka 1914 kwa kuishindilia fosforasi nyeupe chini ya kanieneo kubwa, kisha ikakaa karibu miaka 100 bila wanafizikia wengi kuijali. Ikiwa nene, pengo lake ni elektronivolti 0.3, yaani hufyonza infraredi hadi kama mikromita 4. Kila tabaka inapoondolewa, pengo linapanuka. Tena ina upande: nuru iliyopolaraizwa, yaani inayotetema upande mmoja tu, ikilingana na mhimili mmoja wa fuwele hufyonzwa vizuri, lakini kipande kikizungushwa nyuzi 90, nuru nyingi hupenya.

Ila ni deko. Oksijeni, unyevu na mwanga vikikutana juu yake, uso unaota vilengelenge, na wataalamu hulazimika kuifunika kwa boroni naitraidi.

*

Nyaya za baharini zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam hubeba data kwa infraredi ya mikromita 1.55 hivi. Silikoni haioni nuru hiyo, kwani huishia mikromita 1.1. Fosforasi nyeusi yenye tabaka kadhaa inaiona.

Joto la mwili wa binadamu ni habari nyingine, maana hung'aa zaidi karibu na mikromita 10. Huko bado inatamba zebaki kadimiamu teluraidi, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1959, ambayo mara nyingi hupozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Fosforasi nyeusi ikichanganywa na aseniki, pengo hushuka hadi elektronivolti 0.15 hivi, sawa na mikromita 8.