Kuagana nako ni kazi

Mwandishi wa makala kuhusu kujitolea kutunza mbwa, uchovu wa moyo umeupitia juu juu. Mimi hujitolea wikendi kwenye makazi ya mbwa waliookolewa hapa Nairobi. Kusafisha vibanda na kung'oa kupe masikioni si kitu. Kinachouma ni kukuta mtoto wa mbwa uliyemlisha juzi amekufa kwa parvo, ugonjwa unaozuilika kwa chanjo. Au mtu analeta mbwa mzee kwa kuwa anahamia ghorofani, nawe unameza maneno, maana ukimgombeza, mwenzake kesho atamtelekeza wake barabarani.

Malipo yapo. Yule aliyejikunja kwenye kona, mkia katikati ya miguu, siku moja anakula ugali kiganjani mwako. Ukishamzoea, familia inakuja kumchukua. Unalia huku ukicheka.

Anayetaka kujiunga, kwanza apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha ajifunze kusema "nimechoka" mapema. Huwezi kuwapeleka mbwa wote kwako. Na asiyeweza kujitolea amchanje na kumhasi mbwa wake. Hapo atakuwa ametupunguzia kazi kubwa kuliko anavyodhani.